Masisi na Walikale: Mtoto mdogo na filamu za mazimwi, nani akae pembeni yake?

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, mzazi hakati tiketi wala hachagui kiti. Sinema huko ni chumba cha mbao au cha shitingi, televisheni moja mbele, mabenchi, jenereta inayonguruma nje na faranga chache za kulipa mlangoni. Kwa wengine sinema ni simu ya kaka mkubwa: filamu zimeingizwa kwa flashi kutoka Goma, na watoto sita wamebanana mbele ya kioo kidogo. Filamu hizo hazina alama ya kueleza umri wa anayeruhusiwa kuziangalia. Esanse ikipatikana, zinaangaliwa.

Mzazi wa Nairobi au wa Brussels hujiuliza mbele ya tangazo la sinema kama mtoto wake wa miaka minne au mitano aone filamu yenye mazimwi, wachawi na watu wanaoruka angani. Mzazi wa Masisi swali hilo humfikia akiwa amechelewa. Mtoto ameshaiona. Jioni anaruka kutoka juu ya jiwe akidai ana mabawa, au usiku anakataa kutoka nje kwenda chooni, na hapo ndipo watu wazima wanaanza kuuliza alikuwa wapi mchana.

Majibu yanayosikika mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kwamba huo ni mchezo tu, utoto utapita. La pili, ambalo lina nguvu katika makanisa ya uamsho, ni kwamba filamu za namna hiyo ni mlango wa mapepo na mtoto asizione kabisa. Yote mawili yanasahau kwamba mtoto wa Masisi haoni filamu ile ile anayoiona mwenzake wa Brussels, hata kama picha ni zile zile. Yeye amesikia bunduki za kweli, na jirani aliyemwambia kwamba kuna watu ambao risasi haziwapati hakuwa akitania.

Zimwi la Walikale lina vichwa saba

Ni vizuri kuanza na hili: mazimwi hayakuletwa na flashi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake walikaa siku 12 wakiandika maneno ya msimuliaji mmoja, She-Karisi Rureke, aliyekuwa anaimba, anacheza na kuigiza utendi wa Mwindo mbele ya wanakijiji ambao idadi yao ilizidi kila siku. Kitabu ambacho Biebuyck alikitayarisha pamoja na Kahombo Mateene kilichapishwa Marekani mwaka 1969. Tangu wakati huo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanamsoma Mwindo, na huenda wanamfahamu kuliko kijana wa Walikale anayejua kila jambo kuhusu Spider-Man.

Hadithi yenyewe si ya upole. Shemwindo, mkuu wa kijiji cha Tubondo, anaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mke mmoja anazaa mvulana, na mvulana huyo anazaliwa akitembea na kuongea, mkononi ana usinga wa mkia wa nyati wenye nguvu za ajabu. Baba anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika akiwa hai, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma inampeleka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye mtoto anamfuata baba yake hadi kuzimu, anamrudisha, na wanapatana. Kuna pia Kirimu, mnyama mkubwa mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba, anayemeza wawindaji. Jina la Kirimu lina asili moja na neno la Kiswahili zimwi.

Bodi yoyote ya filamu ingeibandika hadithi hiyo alama ya onyo. Baba anayetaka kumuua mtoto mchanga, mazishi ya mtu aliye hai, mnyama anayekula watu: hata Hollywood hupunguza makali kabla ya kuwapa watoto vitu kama hivyo. Lakini vizazi vya watoto wa nchi ile vilikua na hadithi za aina hii, na hakuna aliyedai kwamba ziliwaharibu.

Sababu iko katika namna zilivyosimuliwa. Msimuliaji anaona nyuso. Mtoto akianza kulia, sauti inashuka, au wimbo unaingia na kila mtu anaitikia, mtoto naye akiwemo. Mdogo kabisa yuko kwenye mapaja ya bibi yake. Zimwi likimeza mtu, kuna watu wazima ishirini pembeni wanaocheka na kupiga makofi, na hapo mtoto anajua bila kuambiwa kwamba anayemezwa hamezwi kweli. Filamu haioni uso wa mtu yeyote. Inaendelea mbele kwa mwendo ule ule, sauti ile ile, hata kama aliye kwenye benchi la mbele amefumba macho na kuziba masikio.

Mtu asiyekufa kwa risasi

Katika Kivu, hofu ya zimwi huenda ndiyo ndogo. Jambo la kuangalia zaidi ni shujaa asiyekufa.

Jina la Mai-Mai linatokana na maji, yaani dawa ambayo wapiganaji huamini inageuza risasi kuwa maji. Dawa ina masharti yake, na anayepigwa risasi akafa husemwa kwamba alivunja sharti. Hivyo imani haishindwi kamwe, hata maiti ikiwa imelala barabarani. Raia Mutomboki, waliozaliwa Shabunda mwaka 2005 na kuenea hadi Walikale na Masisi miaka michache baadaye, walijulikana sana kwa dawa hiyo. Watoto wamekuwa ndani ya makundi ya namna hii kwa miaka mingi. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la NDC huko Walikale, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2020, na kuandikisha watoto kulikuwa miongoni mwa makosa yake. Huko Kasai, mwaka 2016 na 2017, watoto wa kundi la Kamuina Nsapu walipelekwa mbele ya askari wakiwa na fimbo na bunduki za mbao, wakiwa wamefanyiwa ibada iliyowaaminisha kwamba hawatakufa.

Sasa mtoto wa miaka sita anaangalia filamu. Mtu amevaa vazi la ajabu, anapigwa risasi kumi, zinaruka na kuanguka chini. Mtoto wa Brussels anatoka nje na kukuta barabara ambayo hakuna anayeamini jambo hilo. Mtoto wa Masisi anatoka nje na kukuta kijana aliyefunga hirizi mkononi, anayemwambia jambo lile lile kwa maneno yake mwenyewe. Filamu haikuleta imani hiyo, lakini imeipa picha na muziki.

Utafiti wa Sierra Leone na Liberia wa miaka ya 1990 ulieleza jinsi vijana wapiganaji walivyoipenda filamu ya Rambo, na hiyo wala si filamu ya uchawi. Hakuna anayeweza kusema kwamba filamu ndiyo iliyowatia msituni. Njaa, kisasi, kutekwa nyara na kukosa shule vinatosha kueleza mengi. Hata hivyo mzazi anayepima filamu kwa ajili ya mtoto mdogo hapa angefanya vizuri kutohesabu vichwa vya zimwi na kuuliza kwanza: shujaa wa filamu hii anashinda kwa nini? Anashinda kwa sababu hawezi kufa, au kwa sababu alitumia akili?

Mtoto anayeongea kabla ya wakati

Kuna filamu moja inayojibu swali hilo vizuri, nayo inajulikana sana katika Afrika inayosema Kifaransa: Kirikou et la Sorcière, ya Mfaransa Michel Ocelot, iliyotoka mwaka 1998, na muziki wake ulitungwa na Youssou N'Dour wa Senegal. Kirikou anaongea akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anazaliwa, anasimama, anauliza wanaume wa kijiji wako wapi. Anaambiwa mchawi Karaba amewala. Mtoto huyo mdogo kuliko wote anauliza swali ambalo mtu mzima hakuwahi kuliuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Mwishoni inajulikana kwamba ana mwiba wenye sumu mgongoni na anateseka usiku na mchana. Kirikou anaung'oa kwa meno. Na wanaume hawakuliwa, waligeuzwa vitu.

Nchi nyingine ziliogopa filamu hiyo kwa sababu wanawake wake hawakufunika kifua na watoto wako uchi, kama watu walivyoishi katika vijiji vingi vya Afrika Magharibi zamani. Mtu wa Walikale anaweza kucheka hofu hiyo. Hofu yake yeye iko penginepo, na haichekeshi.

Mwindo na Kirikou wamezaliwa kwa namna moja: wanaongea kabla ya wakati wao. Katika Kongo ya leo, mtoto wa namna hiyo ana hatari ya kuitwa mchawi. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 kuhusu watoto wanaotuhumiwa uchawi barani Afrika inaonyesha kwamba wanaotuhumiwa ni pamoja na yatima, walemavu, wagonjwa, wabishi, na hata wenye akili nyingi kupita kawaida. Mtoto anayeamka asubuhi na kusema kwamba usiku aliruka angani, kwa sababu jana aliona mtu akiruka kwenye televisheni, anaweza kuwa amesema maneno yatakayomtoa nyumbani. Mama wa kambo anasikia. Mchungaji anaitwa. Filamu ilikuwa ya saa moja na nusu tu, lakini mtoto anaweza kubaki na jina hilo maisha yake yote.

Kwa mzazi, hilo ndilo jambo zito kuliko ndoto mbaya za usiku mmoja. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi katika kifungu cha 160: anayemtuhumu mtoto uchawi anafungwa mwaka mmoja hadi mitatu na kutozwa faini ya faranga za Kongo 200,000 hadi milioni moja. Mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kwa hiyo mtoto akisema aliruka usiku, wa kumwita si mchungaji. Aulizwe tu jana aliangalia nini.

Simba aliyekimbia kwao

Mfano mwingine unaonekana salama kabisa kwa sababu una wanyama na nyimbo. The Lion King, ya mwaka 1994, ina majina ambayo mtoto yeyote wa Kiswahili anayaelewa: Simba, Rafiki, Hakuna Matata. Ndani yake baba anauawa mbele ya macho ya mtoto. Mtoto anaambiwa kwamba kosa ni lake, kisha anaambiwa kimbia na usirudi. Anakulia ugenini huku waliomuua baba yake wakitawala nyumbani.

Hiyo ni hadithi ya mkimbizi, na katika Masisi inaangaliwa na wakimbizi. Masisi-Kati ilichukuliwa na M23 tarehe 4 Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na mji wa Walikale tarehe 19 Machi kabla waasi hawajaondoka tena mwanzoni mwa Aprili. Familia zilizokuwa katika kambi za pembeni ya Goma ziliondoka Februari mwaka huo huo na nyingi zilirudi katika vijiji ambavyo havikuwa tena kama walivyoviacha. Kwa mtoto aliyepoteza baba katika safari hizo, simba anayeanguka bondeni si katuni.

Je, asiione? Si lazima. Simba anarudi, na anajua mwishowe kwamba kosa halikuwa lake. Kuna watoto wengi wanaohitaji kusikia hayo. Ila mtoto huyo asiachwe peke yake kwenye benchi wakati baba simba anakufa, na asipelekwe na mtu asiyejua yaliyompata.

Kumwambia "si kweli" hakutoshi

Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto mbele ya televisheni. Mojawapo ya tafiti zake zinazojulikana ilihusu mfululizo wa The Incredible Hulk, ambamo mtu mwema anageuka jitu la kijani ili kuwasaidia watu. Wazazi walishangaa kwamba watoto wadogo walikuwa wanaogopa wakati wa kugeuka huko, ingawa jitu lilikuwa upande wa wema. Maelezo ni mepesi: mtoto ambaye hajafika miaka saba hivi huogopa kinachoonekana kibaya machoni, hata kama hakimdhuru mtu. Mkubwa zaidi huogopa kinachoweza kutokea kweli, kama mwizi, moto au vita.

Kutokana na hayo Cantor alionyesha pia kwamba kumweleza mdogo "hiyo si kweli" hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni mkono wa mtu anayemfahamu, kukaa kwenye mapaja, kinywaji, kuondolewa mbele ya picha. Kuelezwa kunaanza kufanya kazi baadaye, mtoto anapokuwa wa umri wa shule ya msingi. Bibi za Walikale walifanya hivyo bila kwenda chuo kikuu.

Ndiyo maana nyumba ya video ndiyo mahali pabaya zaidi kwa mtoto wa miaka minne, kuliko filamu yoyote itakayowekwa humo. Ni giza, sauti iko juu ili kushinda jenereta, waliokaa pembeni ni vijana, na baada ya filamu ya mazimwi inaingia ya vita, na usiku zaidi zinaingia nyingine ambazo hakuna mzazi angezitaja mbele ya mtoto. Kenya ina bodi inayopanga filamu kwa umri, Tanzania nayo ina Bodi ya Filamu. Kongo ina Komisheni ya Taifa ya Udhibiti wa Nyimbo na Maonyesho, iliyosikika sana mwaka 2021 ilipozuia nyimbo zilizokosoa hali ya nchi. Muhuri wake haufiki kwenye flashi iliyopanda pikipiki kwenda Nyabiondo. Chifu wa mtaa, mwalimu na mwenye nyumba ya video wakikubaliana tu kwamba watoto wadogo wasiingie bila mtu mzima, na kwamba saa za masomo mlango ufungwe, wamefanya kazi ambayo Kinshasa haitakuja kuwafanyia.

Simu, ambayo wengi wanailaumu, ina faida moja ambayo televisheni ya nyumba ya video haina. Inasimamishwa kwa kidole. Mzazi anaweza kuona filamu kwanza peke yake, halafu akaiangalia na mtoto mchana, kwa sauti ndogo, akasimama pale mtoto anaponyamaza ghafla na kumuuliza anafikiri nini kitatokea. Hapo msimuliaji amerudi.

Nyumba za video pia zinaweza kumrudisha. Filamu nyingi za kigeni katika Afrika Mashariki huangaliwa zikiwa na mtu anayetafsiri na kuongeza maneno yake. Dar es Salaam ilimjua Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu. Rwanda wana agasobanuye. Mtafsiri wa namna hiyo akitaka, anaweza kumwambia mtoto katikati ya filamu kwamba damu ile ni rangi na kwamba mtu yule aliyekufa jana alikula chakula cha jioni na mke wake. Kivu inajua pia faida ya kusimama na kuongea. Filamu za dada wawili wa Uholanzi, Ilse na Femke van Velzen, kuhusu ubakaji katika vita, zilizotoka kati ya mwaka 2007 na 2011, zilizungushwa vijijini mashariki mwa Kongo kwa sinema ya kuhamahama, na baada ya picha watu hawakutawanyika; walibaki na kujadiliana. Watu wazima walihitaji kuongea baada ya filamu. Mtoto wa miaka mitano anahitaji zaidi.

Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unataka mambo mawili kwa pamoja: mtoto alindwe na habari na picha zinazomdhuru, na apate kucheza na kushiriki utamaduni. Anayezuia filamu zote anatimiza nusu moja. Anayemwacha mtoto mlangoni pa nyumba ya video na kwenda sokoni hajatimiza hata hiyo.

Katika utendi wa Wanyanga, Mwindo anamuua Kirimu na watu wanafurahi. Kisha Nkuba, mwenye radi, anashuka na kumchukua juu mbinguni, anamtesa kwa baridi na jua mwaka mzima, kwa sababu Kirimu alikuwa rafiki yake. Anaporudishwa Tubondo amekatazwa kuua wanyama. Mtoto akisimuliwa hayo huuliza mara moja, kabla ya kuuliza kuhusu vichwa saba: kumbe zimwi nalo lilikuwa na rafiki?